Kikopo cha Nne katika Mashine ya Wifi

Ukitaka kumuudhi Mama Oili asubuhi na mapema, ingia dukani kwake umuulize kama anauza dawa ya injini. Hatakutukana, si mtu wa matusi, lakini utatoka pale umepewa vidonge vyako vyote bila hata maji ya kumezea.

"Injini yako inaumwa nini?" atakuuliza, huku anafuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe. "Kichwa? Tumbo? Ipeleke kwa fundi akaipime. Mimi nauza oili. Dawa zote zimeshatiwa humu na waliopika, wakapima, wakafunga. Sasa wewe unataka kuingia jikoni kwa watu uwaongezee chumvi?"

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa kukunja. Mapipa matatu yamelazwa juu ya vigogo, kila moja na bomba lake, na chini ya kila bomba kuna bati la kudakia matone. Sakafuni amemwaga maranda ya seremala, anayafagia na kuyabadilisha kila siku, kwa sababu hataki mtu aje kununua oili kisha aondoke na nyingine ya bure kwenye soli za viatu. Kabatini ana chupa ndogo za kioo, kila moja na tarehe yake: sampuli ya kila pipa lililowahi kufunguliwa, ili siku mtu akija na maneno, wote wawili wawe na kitu cha kutazama.

Kazi hii hakuirithi. Alianza kama mfagizi katika gereji ya malori, na wenzake walipokwenda kula mchana yeye alikaa anasoma maandishi ya makopo. Asichokielewa alimuuliza fundi wa kwanza aliyepita, na jibu lisipomtosha alimuuliza wa pili, mpaka mafundi wakawa wanamkwepa wakimwona na ufagio. Siku aliyoacha kazi na kufungua duka lake na pipa moja, gereji nzima ilimchangia vibandiko, faneli na ushauri ambao hakuuomba. Hiyo ni miaka kumi na tisa sasa.

Basi kwake huwezi kutaja lita ukapewa ukaondoka. Utahojiwa kwanza. Dizeli au petroli? Ya mwaka gani? Inabeba mizigo au inazungusha mtu na mkewe Jumapili? Mara ya mwisho uliimwaga lini, na usinidanganye. Kisha atageuza kopo akuonyeshe herufi zilizo nyuma: zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli, na ukikuta zote mbili, tazama zilizotangulia ndizo hasa oili hiyo ilipikwa kwa ajili yake. Dizeli hutoa masizi mengi, kwa hiyo oili yake inatiwa sabuni ya kutosha ya kuyashika yasigande. Namba nazo anazieleza kwa ukali ule ule.

"Hamsini si bosi wa arobaini," husema. "Namba si cheo. Namba ni uzito. Kitabu cha injini yako kimesema uzito gani? Huna kitabu? Basi niambie injini yenyewe, kitabu kiko hapa." Na hujigonga kwenye paji la uso.

Kuna dereva mmoja wa lori aliyerudi siku mbili baada ya kubadilisha, mishipa imemsimama shingoni, anasema ameuziwa oili mbovu maana imekuwa nyeusi tii. Mama Oili alimwuliza: "Ukifua ovaroli lako maji yakabaki meupe, utasema umefua?" Dereva akasema hapana. "Basi oili imefua. Ungekuja kulalamika kama ingebaki nyeupe." Tangu siku hiyo yule dereva ndiye mteja wake mkubwa wa kumsifia, na huisimulia habari hiyo kana kwamba mjuzi alikuwa yeye.

Mlango wa tatu kutoka hapo kuna mumewe. Ni fundi cherehani, mtu mpole, mwenye maneno machache kuliko vifungo vya shati. Ana futi yake shingoni tangu asubuhi mpaka anapolala, na mkewe humwambia siku moja atakuja kuoga nayo. Kuna vitu viwili tu duniani anavyoviogopa: mkasi kuanguka sakafuni, na dada yake mkubwa.

Huyo dada ndiye wifi wa Mama Oili, na ndiye mwenye mashine ya kusaga iliyo nyuma ya soko. Ukimsikia Wifi akiongea unaweza kudhani anapigana, ila ukiishi naye utajua kwamba siku anapopigana hasa, hunyamaza. Mashine yake inaendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ya kuanzisha kwa hendeli, iliyofungwa chini kwa nati kubwa na kuunganishwa kwa mkanda mpana. Mwendeshaji wake anaitwa Sikio, kwa sababu husikiliza injini kwa kuegemeza ufito wa mbao kwenye silinda na ncha nyingine sikioni. Oili ya mashine hiyo inatoka kwa Mama Oili, lita nne kila inapofika zamu ya kubadilisha.

Mteja ambaye ni wifi ni mtihani. Akikusifu unajiuliza anataka nini, akikusema maneno yamefika kwenye ukoo kabla hujafunga duka. Ndiyo maana Mama Oili aliihudumia mashine ile kwa uangalifu wa kupita kiasi, na ndiyo maana siku Sikio alipokuja na habari zake, kichwa kilimvimba.

"Mama Oili, oili yako ya safari hii ni kiboko," Sikio alisema, amesimama mlangoni na unga kwenye nyusi. "Zamani kila wiki lazima niongeze kidogo. Safari hii haipungui. Tena, usinicheke, inapanda!"

"Inapanda?"

"Haki ya Mungu. Nikichomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, juzi ilikuwa hapa, leo iko hapa." Alionyesha kwa vidole. "Mashine inazaa oili."

Hapa lazima nimseme Mama Oili kidogo, ingawa nampenda. Mwanamke mwenye miaka kumi na tisa katika biashara hiyo anajua kabisa kwamba oili haipandi yenyewe. Ikipanda, kuna kitu kimeingia: maji, dizeli, au mkono wa mtu. Angekuwa mteja mwingine, angefunga duka dakika ile ile akaenda na taa yake ya mkononi. Lakini hii ilikuwa mashine ya Wifi, na sifa zilikuwa tamu, na tayari kuna wateja wawili dukani walishageuka kumtazama. Akavishwa kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa kivae vizuri. "Oili nzuri ndivyo ilivyo," alisema, akaendelea kupima.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi asubuhi, Shemeji alitokea dukani anahema. Shemeji ni mume wa Wifi, karani mstaafu, mtu wa viatu vinavyong'aa na suruali yenye mkunjo ulionyooka. Kumwona anakimbia lilikuwa jambo la kutisha tosha.

"Shemeji yangu, njoo," alisema. "Mashine imekataa. Na wifi yako anaongea."

"Anasema nini?"

Shemeji alitazama viatu vyake. "Anasema umemuuzia uji."

Mama Oili alichukua spana, beseni, jagi la kupimia, karatasi nyeupe chache, na ile chupa ya sampuli ya pipa ambalo lita nne za Wifi zilitoka. Njiani alikuwa anapiga hesabu ya watu. Asubuhi ya Alhamisi foleni ya kusaga hujaa. Mwenye jenereta ya kiwanda cha mikate huwa pale, madereva wawili watatu huwa pale wakisubiri wake zao, na yule dereva wa ovaroli hakosi. Ikisemwa leo kwamba oili yake ni feki, mpaka adhuhuri mji mzima umejua, na duka la oili lisiloaminiwa halina tofauti na banda tupu. Miaka kumi na tisa ingeishia penye mashine ya wifi yake.

Alikuta ndoo za mahindi zimepangwa mpaka barabarani. Sikio alikuwa ameketi juu ya gunia, viganja vimemvimba kwa hendeli.

"Ilikuwa nzito toka alfajiri," alimweleza. "Tukapokezana watu watano. Ikawaka. Nikatazama kile kitufe chekundu kinachoinuka oili ikizunguka. Hakikuinuka. Nikahesabu moja mpaka kumi, kimelala tu, nikaizima."

"Umeiokoa," Mama Oili alimwambia. "Ungehesabu mpaka mia tungekuwa tunaongea mengine."

Wifi alikuwa amesimama mbele ya mashine, mikono kiunoni. "Haya, mwenye oili amekuja," aliwaambia watu. "Mwonyeshe, Sikio."

Sikio alichomoa dipstiki, akaielekeza chini. Kwa kawaida tone lingekimbia likadondoka. Kilichokuwa pale kilining'inia, cheusi, kizito, kikakaa kinatafakari. Foleni iliguna. Yule mwenye jenereta ya mikate alisogea mbele, akatazama, akarudi nyuma, na Mama Oili akaona macho yake yalivyohama kutoka kwenye dipstiki mpaka kwake.

"Wifi," alisema, akijikaza, "naomba maji ya moto."

"Unataka kuinywesha chai sasa?"

"Nataka kuipasha joto itoke yote. Kisha tutaongea mbele ya watu hawa hawa."

Maji ya moto yakamiminwa kwenye tangi la kupozea, wakasubiri chuma kishike joto, kisha Mama Oili akalala ubavu kwenye sakafu ya unga na kulegeza nati ya kumwagia oili. Oili ilitoka kwa kusitasita, imejaa vijipande vyeusi. Ilichukua muda mrefu hadi ikaisha. Alichota kwa jagi kutoka kwenye beseni kwenda kwenye ndoo tupu, lita baada ya lita, anahesabu kwa sauti na foleni inahesabu naye. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Watu wakadhani imekwisha. Tano.

Mama Oili alisimama, akajipangusa unga. Sasa aliona yote yaliyotakiwa kuonekana wiki mbili nyuma.

"Nilikuuzia lita ngapi, wifi?"

"Nne, kama kawaida."

"Zimetoka tano. Mimi sikuuzii oili inayozaa." Aliwageukia. "Nani ametia dawa?"

Mkanda wa mashine ulining'inia. Mtoto mmoja mgongoni mwa mamaye akapiga chafya.

Wa kwanza kuvunjika alikuwa Sikio. "Kikopo kimoja tu," alisema, anatazama viganja vyake. "Cha robo lita. Ya kusafisha. Kimeandikwa kinaondoa uchafu wote wa injini kwa dakika kumi."

"Kwa dakika kumi, kisha unafanya nini?"

"Kisha unamwaga oili yote."

"Na wewe ulimwaga?"

"Mimi niliona, kama dakika kumi zinasafisha hivyo, wiki tano si itang'aa kabisa?"

Foleni ikaanza kucheka. Shemeji alicheka kwa sauti kuliko wote, na hapo mkewe akamtazama. Kicheko kikamkauka.

"Na mimi," Shemeji alisema polepole, "nilikuwa nimetia kidogo. Robo. Ile ya kuziba uvujaji. Ilikuwa inadondoka pale chini, kila nikija kuchukua hesabu nachafua viatu."

"Mume wangu!" Wifi alipiga makofi. "Mashine nzima ife kwa ajili ya viatu?"

"Na wewe, wifi?" Mama Oili aliuliza.

"Mimi nini?"

"Mimi nauliza tu."

"Kwani hii mashine ni ya nani?" Wifi alipandisha sauti, kisha akaishusha, kisha akaipandisha tena lakini si kwa nguvu ile ya kwanza. "Ndiyo, nilitia. Ya moshi. Nzito kama asali. Watu walikuwa wanakohoa humu ndani, mlitaka nifanyeje? Kikopo kimoja. Robo."

Sasa foleni ilikuwa inashikilia mbavu. Watu watatu, kila mmoja anaipenda mashine ile ile, kila mmoja kanyemelea kwa wakati wake na kikopo chini ya nguo, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake mwenye akili. Hata Mama Oili alitabasamu. Aliweka tone la ile oili kwenye karatasi nyeupe na tone la sampuli yake pembeni, akaeleza: ya kusafisha imeng'oa masizi ya miaka, ile nzito kama asali ikayashika yasitue, ya kuziba nayo ikatia gundi yake. Tone la sampuli lilitandaa jepesi na safi. La mashine lilikaa pale pale na duara jeusi katikati, limegoma.

Ilikuwa inaelekea kuisha vizuri. Lakini yule dereva wa ovaroli, ambaye tangu siku ile anajiona mjuzi, alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Robo tatu," alisema. "Mbona imezidi lita nzima? Robo nyingine ni ya nani?"

Kicheko kilipungua. Sikio akaapa ni kimoja tu. Shemeji akaapa. Wifi hakuapa, ila alikunja mikono kifuani, na Mama Oili akaona wifi yake amepata pa kusimama.

"Ya dukani, basi," Wifi alisema. "Ilikuja na oili. Ilikuwa imeshachanganywa."

"Sampuli si hii hapa?"

"Chupa uliyoijaza wewe, ukaitunza wewe, kabatini kwako wewe?"

Na kwa hilo Wifi hakukosea, ndilo lililouma. Mama Oili alitazama ile chupa mkononi mwake, chupa aliyoiamini kwa miaka kumi na tisa, akaona kwamba kwa macho ya foleni haina thamani yoyote. Mwenye jenereta ya mikate alikuwa anakuna kidevu. Robo lita moja ya oili isiyo na mwenyewe ilikuwa imebaki juu ya kichwa chake.

Hapo mtu akamvuta mkono wa gauni kutoka nyuma. Alikuwa mumewe, futi shingoni, tondoo ya kushonea bado kidoleni, amekuja mbio aliposikia kelele. Alimvuta mpaka nyuma ya magunia.

"Ni mimi," alinong'ona.

"Wewe nini?"

"Kikopo cha nne."

Mama Oili alimtazama kana kwamba amemwambia ameuza nyumba. "Wewe? Wewe hata cherehani unaitia tone moja kwa sindano!"

"Dada alikusema," alijibu. "Nilileta mahindi kusaga. Akasema mbele ya foleni kwamba mashine inatoa moshi kwa sababu oili ya wifi yake ni nyepesi kama chai ya juzi. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa woga. Nilikwenda nyumbani sikula. Nikasema, nikipata kitu kizito nikakitia, moshi utakwisha, hawatakusema tena. Sikio alikuwa amekwenda kula."

"Ulijuaje pa kutilia?"

"Nilikuwa nimemwona Sikio anatia."

"Na kama ungetia kwenye tangi la maji?"

"Nilisali kwanza," mumewe alisema.

Mama Oili hakujua acheke au alie. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Na wakati huo huo, upande wa pili wa magunia, alimsikia Sikio akisema kwa unyonge: "Jamani, labda ni mimi. Labda nilitia viwili nikasahau. Iwe hivyo, yaishe."

Njia ilikuwa imefunguka, pana kabisa. Sikio alikuwa mtu mwema, amejitolea, hakuna ambaye angemgombeza kwa robo lita. Mama Oili angetoka pale na jina lake zima, na mumewe asingejulikana. Angeweza pia kukaa kimya tu, bila kutamka uongo wowote mwenyewe. Nakwambia alifikiria. Alisimama nyuma ya magunia kwa muda wa kutosha kumenya chungwa, akifikiria.

Kisha akamshika mumewe mkono, wakatoka wote wawili.

"Sikio hakutia viwili," alisema. "Kikopo cha nne kimetoka nyumbani kwangu. Alikitia mume wangu. Na kuna kosa langu pia. Sikio aliniambia oili inapanda. Mimi, miaka yote hii kwenye oili, nikaambiwa inapanda, nikafurahi. Ningekuja siku ile ile, leo mngekuwa mmeshasaga mko nyumbani. Basi ninyi semeni mnavyotaka."

Wifi aligeuka polepole kumtazama mdogo wake.

"Wewe?" alisema. "Wewe umekuja kwenye mashine yangu ukatia kikopo bila kuniambia?"

Kwa miaka hamsini na mbili fundi cherehani hajawahi kumjibu dada yake.

"Ulimsema mke wangu, dada," alisema. "Tena mbele za watu. Na si kweli."

Maneno yenyewe yalikuwa machache, na hakuyasema kwa sauti kubwa, lakini foleni yote iliyasikia kwa sababu hata waliokuwa wanatafuna karanga waliacha. Sikio alisema baadaye kwamba amefanya kazi pale miaka kumi na moja na ndiyo mara ya kwanza kumwona bosi wake akitafuta la kusema.

"Nilisema nyepesi?" Wifi aliuliza hatimaye.

"Kama chai ya juzi."

Wifi alitazama ile ndoo yenye lita tano za uji mweusi, wake, wa mumewe, wa mwendeshaji wake na wa mdogo wake. Mabega yakaanza kumtikisika. Watu walidhani analia, kumbe ni kicheko kilichokuwa kinamtoka kwa shida, kama injini yenyewe asubuhi ile. Alipopata pumzi aliwageukia wateja.

"Haya, mlionisikia siku ile, nisikieni na leo. Nilimsema wifi yangu bure. Oili yake haina neno. Wenye neno ni sisi." Kisha akamwambia Mama Oili, kwa sauti ya chini ambayo watu hawakujua kwamba anayo: "Nitengenezee mashine, wifi."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono tu. Walitia oili nyepesi ya kusuuzia, wakaiendesha kidogo bila mzigo, wakaimwaga ikatoka na takataka zake. Wakarudia. Sikio alichomoa chujio akaliosha kwa dizeli mpaka likaonekana chuma. Kisha Mama Oili akatuma mtu alete kopo jipya lililofungwa, akalivunja lakiri mbele ya foleni, akawasomesha herufi na namba za nyuma mpaka watoto wakazikariri, na akamimina lita nne, wala si tone zaidi. Kila mmoja wa wale wanne alisimama mikono mgongoni. Sikio alizungusha hendeli mara moja. Injini ikakohoa, ikashika, na kitufe chekundu kikaruka juu. Foleni ilishangilia mpaka wauza mboga wa sokoni wakaja kutazama.

Mama Oili alirudi dukani akijua kabisa kwamba atakaa bila wateja wiki nzima. Alikosea. Saa nane mchana alikuja yule mwenye jenereta ya mikate, amebana kitu kwapani.

"Mama Oili," alisema, hamtazami usoni. "Na mimi nilikuwa natia."

Akaweka kikopo mezani, kimebaki nusu. Nyuma yake walikuwa wawili wengine. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa umepita pale kama kwa mhudumu wa zahanati, kila mmoja na kikopo chake na ugonjwa wake: moshi, mlio, uzito wa asubuhi, majirani walivyosema. Na yule dereva wa ovaroli alikuja wa mwisho kabisa na vikopo vitatu kwenye mfuko wa nailoni. Mama Oili hakumpa mtu vidonge siku hiyo. Aliuliza maswali yake, akasikiliza, akaandika ataangalia injini ya nani siku gani. Walimwambia ukweli kwa sababu wamemsikia akisema wake.

Alipofunga alipitia kwa mumewe. Fundi alikuwa anakunja pindo la suruali, na mwenye suruali ameketi kwenye benchi anasubiri. Mama Oili aliketi juu ya kitambaa kilichokatwa, jambo ambalo siku nyingine lingeleta kesi.

"Siku nyingine ukisikia ninasemwa," alisema, "njoo uniambie."

"Utaumia."

"Nitaumia, ndiyo. Lakini afadhali niumie na wewe uko karibu, kuliko wewe kulala na njaa na kunyemelea mashine ya watu na kikopo mfukoni." Alivuta uzi mmoja kwenye kitambaa alichokalia. "Na ulimjibu dada yako. Kwa ajili yangu. Nimeishi na wewe miaka yote hii sijui kama kuna siku nimekupenda kama leo."

Alikuwa amelisema kwa sauti, mlango wazi, na mumewe akajichoma kidole kwa sindano kwa aibu. Mwenye suruali aliinuka kwenye benchi, akasema haina haraka, atakuja kesho.